Mlingoti

Lipo neno moja la Kibosnia ninalolijua, nalo ni kloc. Maana yake ni gogo la mti, na huko Sarajevo mtu mrefu, mzito wa mwili, ambaye miguu yake haimsikilizi, huweza kuitwa hivyo mitaani, kama vile sisi tungemwita nguzo. Hilo ndilo jina ambalo baadhi ya watu wa mpira wa mji wake walimbandika Edin Džeko alipokuwa kijana. (Hutamkwa Jeko, ingawa watangazaji wetu kila mmoja ana lake.) Nami, msomaji wangu, katika miaka iyo hiyo, nilimbandika mtoto mmoja wa Morogoro jina lililo ndugu wa hilo. Wakati huo sikujua kama kuna mtu aitwaye Džeko, wala yeye hakuwa mtu wa kujulikana. Alikuwa mtoto tu kama wengine.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa niliwahi kucheza kidogo chuoni, nilikabidhiwa michezo. Mwaka 1998 tulikuwa tunachagua timu ya shule kwa ajili ya mashindano ya wilaya. Mtoto huyo alikuwa darasa la tano, umri wa miaka kumi na miwili, lakini kwa urefu alikuwa akinifikia begani. Alipenda mpira kuliko chakula. Tatizo lake ni kwamba mpira ulipomfikia ulimdunda na kwenda zake, kama umegonga ukuta. Jioni moja alikosa bao la wazi kabisa, mlinda mlango yuko chini, nami kwa hasira na kwa kutaka kuwachekesha wale wengine nikasema kwa sauti: "Ewe mlingoti, kazi yako ni kubeba bendera!" Uwanja wetu ulikuwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na mlingoti wa bendera ulikuwa palepale, kwa hiyo mzaha ulikamilika. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake hakuja mazoezini, na kesho kutwa hakuja. Mimi sikumtafuta. Nilikuwa na watoto ishirini na watano na mipira miwili.

Jina likabaki. Alimaliza darasa la saba akiitwa Mlingoti.

Sasa nikuambie habari za huyo mwingine. Edin Džeko alizaliwa Sarajevo tarehe 17 Machi 1986, miaka miwili baada ya mji huo kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Baba yake aliwahi kucheza mpira katika madaraja ya chini. Alipofikisha miaka sita, mwezi wa Aprili 1992, vita vikaanza, na majeshi ya Waserbia wa Bosnia yakauzingira mji. Sarajevo uko bondeni, umezungukwa na milima. Mara nyingi nikiwa barazani kwangu nikitazama safu ya Uluguru ilivyotuinamia sisi wa Morogoro, najaribu kufikiri ingekuwaje kama huko juu kungekuwa na mizinga, na kila anayekwenda kuteka maji anaonekana kupitia darubini ya bunduki. Siwezi. Mlima wa Trebević, ambako wanamichezo wa mwaka 1984 waliteleza kwa mikokoteni yao juu ya barafu, ukawa mahali pa kufyatulia makombora. Watu walipanga foleni ya maji penye kiwanda cha bia kwa kuwa hapo palikuwa na chemchemi, na foleni nazo zikapigwa. Uwanja wa mazoezi uliokuwa kando ya uwanja mkubwa wa Koševo ukafanywa makaburi, maana makaburi ya zamani hayakutosha. Mwaka 1993 wenyeji walichimba handaki la urefu wa mita 800 hivi, likipita chini ya uwanja wa ndege, ndipo unga na dawa vikapata njia ya kuingia.

Hali hiyo ilidumu siku 1,425, hadi Februari 1996. Mwaka 2012, katika kumbukumbu ya miaka 20, barabara kuu ya mji ilipangwa viti vyekundu 11,541 visivyo na mtu, kiti kimoja kwa kila aliyeuawa. Vingine vilikuwa vidogo, vya watoto.

Habari hizi tulizisikia redioni wakati huo. Naikumbuka sauti ya mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC akilitaja jina Sarajevo kila jioni, hata likawa kama jina la kituo cha reli tunachokipita bila kushuka. Sitajitetea. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Ngara kwa malaki katika siku chache, na mioyo yetu ilikuwa huko. Huruma ya mtu nayo ina kipimo chake, na ya kwangu ilikuwa imejaa.

Nyumba ya akina Džeko iliharibiwa, wakahamia kwa babu na bibi, watu zaidi ya kumi katika nyumba ya vyumba vichache. Yeye mwenyewe amesimulia mara kadhaa kisa kimoja. Siku moja alitaka kutoka nje kucheza mpira na wenzake. Mama yake, bila sababu aliyoweza kuieleza, akamkatalia. Dakika chache baadaye kombora likaanguka pale walipokuwa wakicheza watoto. Kila ninapokisoma kisa hiki huwa siwafikirii Edin na mama yake. Nawafikiria akina mama wengine wa mtaa ule, ambao siku hiyo walisema, haya, nenda, lakini usichelewe kurudi.

Vita vilipokwisha alikuwa anakaribia miaka kumi, akajiunga na watoto wa klabu ya Željezničar. Jina hilo maana yake ni mtu wa reli, kwani klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa reli mwaka 1921, kama vile sisi Morogoro tulivyokuwa na timu yetu ya Reli. Uwanja wao uko mtaa wa Grbavica, na wakati wa vita mstari wa mapigano ulipita hapo hapo. Jukwaa lilikuwa limeungua na ardhi ilikuwa imetegwa mabomu. Kwa hiyo kijana huyu alijifunzia mpira mahali ambapo kwanza ilibidi watu wapite na vyombo vya kutafutia mabomu, ndipo wakapiga chokaa.

Alipandishwa timu ya wakubwa mwaka 2003. Hapo alichezeshwa kiungo, na hapo ndipo lilipomkuta lile jina la kloc. Ukweli ni kwamba waliolitoa hawakuwa wajinga. Alikuwa mrefu mno kwa kiungo, mita 1.93, na mguso wake wa kwanza ulikuwa na kasoro. Watu wa Sarajevo wanajua mpira. Ni mji uliomtoa Ivica Osim, na Safet Sušić aliwahi kuwa kipenzi chake. Waliona walichokiona. Ambacho hawakukiona ni kwamba mwili wake ulikuwa bado haujamaliza kujengeka, na kwamba alikuwa akicheza mahali pasipokuwa pake.

Aliyekiona alikuwa mgeni. Jiří Plíšek, Mcheki, aliwahi kuifundisha Željezničar kwa muda, na aliporejea kwao akaishauri klabu ya Teplice imnunue. Mwaka 2005 wakamnunua kwa yuro 25,000. Kiongozi mmoja wa Željezničar alikiri baadaye kwamba siku ile walijiona kama watu walioshinda bahati nasibu. Miaka miwili baadaye Wolfsburg ya Ujerumani ilimchukua kwa yuro milioni 4, na Januari 2011 Manchester City ikalipa pauni milioni 27. Nimezipanga fedha hizi kwa mfuatano ili msomaji azione kwa jicho moja, si kwa kuwa naamini mtu hupimwa kwa bei.

Huko Teplice walimweka mbele, mshambuliaji wa kati, na mabao yakaanza kuja. Huko Wolfsburg, chini ya kocha Felix Magath, msimu wa 2008/09 yeye alifunga 26 na Mbrazili Grafite akafunga 28, jumla 54, wakaipita rekodi ya Gerd Müller na Uli Hoeneß wa Bayern, na klabu ya mji wa kiwanda cha magari ikawa bingwa wa Ujerumani kwa mara yake ya kwanza. Msimu uliofuata akawa mfungaji bora peke yake, mabao 22. Sarajevo wakaacha kumwita gogo, wakamwita Almasi ya Bosnia.

Mimi nilimjua Mei 13, 2012. Siku hiyo nusu ya Tanzania ilikuwa mbele ya televisheni, na wengine tulikuwa kibanda umiza, jasho kwa jasho. Manchester City walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1968, na walihitaji kuwafunga QPR nyumbani. Dakika tisini zikaisha wako nyuma 2-1. Msomaji anayejua mpira ataniambia Agüero, na dunia nzima itasema Agüero, na sekunde ile imerudiwa mara elfu. Lakini bao la Agüero lilikuwa la tatu. Bila la pili hakuna la tatu. Dakika ya 92, Silva akapiga kona, na mtu mrefu aliyeingia kutoka benchi akaruka katikati ya mabeki, akaupiga kichwa. Hakushangilia, waliokimbilia mpira waliuwahisha katikati. Bado naona watu wa aina hii ndio wanaobeba mambo mengi duniani, ila nisije nikaanza kuhubiri.

Wiki ile ile nilisoma katika gazeti la michezo makala fupi juu yake, na ndani yake lile neno, kloc, na tafsiri yake. Nililiweka gazeti chini. Mke wangu akaniuliza kuna msiba gani.

Niruke mbele kidogo, nimalize ya uwanjani. Mwaka 2015 alikwenda Roma, akafunga mabao 119 katika mechi 260, na msimu wa 2016/17 akawa mfungaji bora wa Italia kwa mabao 29. Hakuna aliyemtangulia kufunga mabao 50 katika ligi tatu kati ya zile tano kubwa za Ulaya, za Ujerumani, Uingereza na Italia. Juni 2023, akiwa Inter na umri wa miaka 37, aliianza fainali ya Ulaya huko Istanbul, wakafungwa 1-0 na Manchester City, klabu ile ile aliyoipigia kichwa. Mwaka 2025, miaka 39, alisajiliwa na Fiorentina. Kwa nchi yake hakuna aliyecheza mechi nyingi wala kufunga mabao mengi kuliko yeye. Na nchi hiyo si rahisi. Chama chao cha mpira kiliwahi kuwa na marais watatu kwa wakati mmoja, Mbosnia Mwislamu, Mserbia na Mkroati, hadi FIFA ilipokifungia mwaka 2011, na Osim, mzee aliyeheshimiwa na pande zote, akapewa kazi ya kukinyoosha. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2013, walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu wawe nchi. Kocha alikuwa Sušić.

Ndivyo walivyokutana na Nigeria mjini Cuiabá, Brazil, tarehe 21 Juni 2014. Kwetu ilikuwa saa saba usiku. Umeme ulikatika mtaani kwangu, mwanangu akaniambia kule karibu na kituo cha treni kuna banda lenye jenereta. Tukaenda. Mlangoni palikuwa na jamaa mmoja mrefu, anapokea shilingi mia tano mia tano. Nikatoa yangu. Akaitazama, akanitazama.

"Shikamoo, mwalimu. Wewe hulipi hapa."

Nikaitika marahaba, nami bado najiuliza huyu nani. Kisha mtu wa ndani akaita, "Mlingoti, ongeza sauti!"

Nilikaa benchi la nyuma. Nilikuwa upande wa Nigeria, kama kila mtu mle ndani. Sisi tukishatolewa, na hutolewa mapema, Afrika yote huwa ni yetu. Dakika ya 21 Džeko akapenyezewa mpira, akapita, akamfunga Enyeama. Mshika kibendera akanyoosha juu: ameotea. Banda likalipuka kwa kelele za furaha. Nami nilisimama nikapiga makofi, mtu mzima. Marudio yalipoonyeshwa, kila mwenye macho aliona kwamba hakuotea hata kwa unyayo. Wakati huo hapakuwa na refa wa video; hilo lilikuja kombe la mwaka 2018. Kelele zilipungua kidogo, kisha mtu akasema, "Ah, wao wametuonea mara ngapi?" tukacheka, tukaendelea.

Ila sauti moja kutoka mlangoni ilisema, si kwa ukali, "Lile lilikuwa bao, jamani."

Dakika nane baadaye Odemwingie akafunga, na hilo likatosha. Katika zile dakika za nyongeza Džeko alipiga tena, Enyeama akaugusa, ukagonga mwamba ukatoka. Bosnia ikawa imeaga, katika mashindano yake ya kwanza, kwa bao halali lililokataliwa, mbele ya watu waliofurahi. Niliwahi kufikiri kuwa kuonewa ni jambo linaloonekana wazi kwa kila aliyepo.

Watu walipotoka nilimwambia mwanangu atangulie. Jamaa alikuwa anapandanisha mabenchi, nami nikashika upande wa pili wa benchi moja, tukaanza kuyabeba pamoja. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini yalikataa kuja kwa mpangilio, kwa hiyo nikaanzia kwa Džeko. Nikamwambia kwamba yule mrefu wa Bosnia kwao walimwita gogo. Kwamba walimuuza kwa yuro elfu ishirini na tano, wakacheka. Kwamba leo hao hao wamechora sura yake ukutani.

"Najua, mwalimu," akasema. "Nilisoma. Nimemfuatilia tangu yuko Ujerumani."

Tukabeba jingine.

"Mimi nilikuita..." nikaanza.

"Najua ulichoniita. Ndiyo jina la biashara." Akaonyesha kwa kidevu ubao ulio juu ya mlango, ambao sikuwa nimeusoma wakati wa kuingia. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: MLINGOTI VIDEO.

Nikamwambia kwamba sikupaswa. Kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili mwili wake haujamaliza, na mwalimu alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Na kwamba hata kama asingeweza kabisa, sikuwa na sababu ya kumchekesha mtu kwa gharama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho mimi sikumfanyia.

"Sasa mwalimu, tusidanganyane," akasema. "Huenda nilikuwa mlingoti kweli. Sijui. Wewe hujui. Tofauti yangu na huyu ni kwamba yeye alipata Mcheki."

Akazima jenereta. Giza likaingia na ukimya ule wa jenereta iliyozimwa, na kwa mbali kwenye stesheni kulikuwa na behewa linalosogezwa. Alinisindikiza hadi barabara kuu, tukazungumza habari za watoto, za bei ya mafuta ya taa. Tulipoagana akasema Jumatano kuna mechi mbili kwa saa moja, Nigeria na Argentina, na Bosnia na Iran. Kila mtu atataka Nigeria, lakini ana televisheni ndogo ya zamani, ya inchi kumi na nne, ataiwasha pembeni.

Jumatano saa moja jioni nilikwenda. Banda lilifurika, vichwa vyote vimegeukia televisheni kubwa, Messi ameshafunga. Televisheni ndogo ilikuwa juu ya kreti ya soda karibu na mlango, na mbele yake viti viwili. Nilimpa shilingi mia tano mkononi. Aliishika kidogo, akaitia mfukoni. Tukakaa. Dakika ya 23 Džeko alipiga kwa mguu wa kushoto kutoka nje ya eneo la hatari, mpira ukagonga mwamba ukaingia, na mle ndani hakuna aliyegeuka isipokuwa sisi wawili.